Mdogo Wangu, Mbona Umeacha Kliniki?

Wadogo zangu, leo nina maneno na wale mliokutwa na uvimbe wa nyuroendokrini, ule ambao madaktari kwa kifupi huuita NET. Mlipasuliwa au mkaanzishiwa sindano, mkapata nafuu, kisha taratibu mkaanza kuikwepa kliniki. Najua mpo. Mnaniambia, "Dada, mbona najisikia vizuri tu? Nipoteze nauli nikashinde kwenye benchi, halafu niambiwe rudi baada ya miezi sita?" Sikatai, benchi linachosha, na nauli haiokotwi. Lakini sogea hapa nikwambie, maana kwa maradhi haya kujisikia vizuri hakutoshi kuwa majibu.

Uvimbe huu huanzia kwenye seli zinazotoa homoni, na seli hizo zimetawanyika mwilini: kwenye utumbo mwembamba, kongosho, tumbo, kidole tumbo, njia ya haja kubwa, mapafu. Mara nyingi hukua polepole mno, mtu akakaa nao miaka bila kujua. Atatibiwa vidonda vya tumbo, atatibiwa amiba, atatibiwa pumu. Akiwa mama wa makamo ataambiwa hilo joto la usoni ni dalili ya kukoma hedhi, avumilie. Daktari wa Kijerumani, Siegfried Oberndorfer, alipoueleza mwaka 1907 aliuona mpole. Mwaka 1929 akasema mwenyewe kwamba unaweza kusambaa. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, mdogo wangu. Huo upole wake ndio unaowapumbaza watu, kwa sababu unaweza kurudi baada ya miaka mitano, minane, hata zaidi ya kumi, wakati umeshasahau jina la daktari aliyekupasua.

Ndiyo maana wataalamu wanataka aliyekatwa uvimbe huu aendelee kuangaliwa kwa angalau miaka 10. Mwanzoni huitwa mara kwa mara, pengine kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na mambo yakitulia huenda ikawa mara moja kwa mwaka. Inategemea ulianzia wapi, ulishasambaa au la, na seli zake zinajigawa kwa kasi gani. Chukua ile karatasi ya majibu ya kinyama, utaona pameandikwa Ki-67. Chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza, 3 hadi 20 ni la pili, na zaidi ya 20 ni la tatu. Si lazima ukariri. Ila karatasi hiyo usiifungie vitumbua. Ipige picha kwa simu, nakala mpe mtu unayemwamini.

Na nisiwatishe wote kwa mkupuo. Kama wako ulikuwa kidogo tu kwenye kidole tumbo, haukufika sentimita moja, na ukatoka wote, huenda daktari akakwambia umemaliza, huna haja ya kurudi. Akikwambia hivyo mwamini, nenda ukaendelee na shamba lako. Ninachokataa ni neno hilo kulisema wewe mwenyewe, kimoyomoyo, kwa sababu ya nauli.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi. Wengi wenu mnaonekana wazima. Umenawiri, umevaa, umechana nywele, watu wanakuangalia wanasema, "Saratani gani hiyo isiyokondesha?" Hakuna anayejua kwamba usiku umeamka kwenda chooni mpaka umechoka kuhesabu. Kwenye harusi unatafuta kiti cha karibu na mlango. Ukitaka kusafiri kwa basi kutoka Dar hadi Mwanza unaanza kuhangaika kabla hata ya kukata tiketi, maana dereva hatasimama kila unapobanwa, basi unashinda na njaa tangu jana yake ili tumbo liwe tupu. Kazini wanadhani mvivu. Nyumbani wanadhani unadeka. Na wewe, kwa kuona haya, unanyamaza.

Ukifika kliniki daktari anauliza, "Unaendeleaje?" Wewe unajibu, "Nzuri tu, dokta." Nzuri ipi? Jamani, msinichekeshe na machozi yananilenga. Watafiti wa Ulaya walitunga dodoso la maswali 21 mahsusi kwa wagonjwa wa uvimbe huu wa tumboni, wakauliza humo habari za jasho la usiku, gesi, maumivu ya misuli, shida ya kusafiri, wasiwasi wa kusubiri majibu, mpaka tendo la ndoa. Kwa hiyo hayo unayoyafunga kifuani ukidhani ni aibu yako peke yako, wenzako wengi waliyasema hadi yakaandikwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe unaficha hata choo, daktari atakusaidiaje?

Na hapo kwenye choo tukae kidogo, tusioneane haya, sisi ni ndugu. Kuhara kwenye maradhi haya kuna sababu zaidi ya moja, na kila moja ina dawa yake. Kuna kuhara maji matupu, ambako hata usipokula kunaendelea, na pengine uso unawaka pamoja nako. Hapo mara nyingi ni homoni, hasa serotonini, imezidi. Kuna choo kilichopauka, chenye mafuta, kinachonuka kupita kiasi, kinaelea, ukimwaga maji hakitaki kuondoka. Hapo mafuta ya chakula hayasagwi, na kinachosababisha huenda ni sindano ile ile inayokusaidia, kwa sababu hupunguza vimeng'enya vya kongosho, au kongosho lenyewe lilikatwa kipande. Huyu hupewa vimeng'enya vya kumeza, na vinamezwa pamoja na chakula, siyo baada ya kuosha vyombo. Kuna na aliyekatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba: nyongo haifyonzwi tena inavyopaswa, inateremka kwenye utumbo mpana na kuuchokoza. Huyo ana dawa nyingine kabisa, na pengine atahitaji sindano za vitamini B12. Sasa wewe ukisema "naharisha" ukanyamaza, au ukanunua tu vidonge vya kufunga tumbo dukani, utatibiwa kwa kubahatisha.

Nunua daftari dogo. Andika umekwenda mara ngapi, saa ngapi, choo kilikuwaje, ulikula nini, uso uliwaka au haukuwaka, uzito wako ukoje. Ukiona kwamba wiki ya mwisho kabla ya sindano ndiyo wiki ya mateso, weka alama. Hiyo ni habari kubwa kwa daktari, anaweza kusogeza tarehe au kukuongezea dawa ya muda mfupi. Wengi mnateseka wiki nzima kila mwezi mkidhani ndivyo ilivyoandikwa.

Hizo sindano, oktreotaidi au lanreotaidi, huchomwa kila baada ya siku 28. Hutuliza homoni, na majaribio yaliyotangazwa mwaka 2009 na 2014 yalionyesha kwamba zinachelewesha pia uvimbe kukua. Kwa hiyo usiruke mwezi kwa kuwa umepata nafuu, nafuu hiyo imeletwa na sindano. Wale mnaonunua wenyewe na kuipeleka hospitali, isafirishwe kwenye ubaridi lakini isigande, na kabla ya kuchomwa itolewe mapema ipoteze ule ubaridi wa friji. Muulize muuguzi kama amewahi kuichoma. Kuuliza si ujinga, wala si kumdharau mtu. Baadhi ya dawa hizi zinachanganywa hapo hapo na kuchomwa bila kuchelewa, ukizubaa inaziba kwenye sindano na fedha yote imepotea. Na mjue zinaweza kuleta mawe kwenye mfuko wa nyongo na kuvuruga sukari, kwa hiyo ukiambiwa upimwe sukari au ufanyiwe utrasaundi ya tumbo usidhani unatozwa bure.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu wanakiharibu kila siku bila kujua, nacho ni kile cha mkojo wa saa 24. Kinaangalia mabaki ya serotonini. Unapewa dumu, na mara nyingi ndani yake kuna tindikali kidogo, usiimwage ukidhani ni uchafu, na watoto wasilichezee. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unaumwaga chooni. Kuanzia hapo kila mkojo unaingia dumuni, mchana na usiku, mpaka ule wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Ukikosa mmoja kwa sababu ulikuwa sokoni, sema ukweli, anza upya siku nyingine. Na sasa sikilizeni watu wa Bukoba na Moshi, na majirani zetu wa Uganda: kwa siku kama tatu kabla ya kipimo na siku yenyewe hakuna ndizi. Hakuna mbichi, hakuna mbivu, hakuna ya kuchoma, hakuna mtori. Ndizi ina serotonini yake, itapandisha majibu na utaambiwa una hatari usiyokuwa nayo. Nanasi, parachichi, nyanya na bilinganya navyo viwekwe pembeni. Najua kwa baadhi yenu kukosa ndizi siku tatu ni kama kufunga kula. Kula wali, ugali, samaki, siku hizo zitapita. Na mwambie daktari dawa zote unazomeza.

Kwenye damu napo kuna kipimo kiitwacho kromogranini A, na hicho huchezewa na omeprazoli, vile vidonge vya asidi ambavyo nusu ya mtaa tunavimeza bila kuandikiwa. Vinakipandisha juu pasipo sababu. Usiviache kwa uamuzi wako, lakini usivifiche pia. Nimeona watu wakikonda kwa hofu ya namba iliyopandishwa na kidonge cha kiungulia.

Moyo nao. Serotonini ikizidi kwa muda mrefu hukakamaza valvu za moyo za upande wa kulia. Mwanzoni hausikii kitu. Baadaye miguu inavimba, ngazi zinakushinda, unachoka ukitandika kitanda. Mwenye dalili za homoni, yaani kuwaka uso na kuharisha, anapaswa kufanyiwa eko ya moyo, na wengi hupangiwa mara moja kwa mwaka. Usiseme "mimi naumwa utumbo, moyo unaingiaje?" Unaingia. Na ukiona ngozi ya mikono au shingo inababuka palipopigwa na jua, ulimi unauma, akili inapotea potea, huenda ni upungufu wa niasini, kwa sababu uvimbe unakula malighafi ambayo mwili ungeitumia kuitengeneza. Watu wanapaka mafuta ya mgando kumbe dawa yake ni vitamini ya kumeza.

Nyinyi mnaouguza, msidhani nimewasahau. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji, na kwa maradhi mengine ni kweli. Kwa huyu, mwulize. Sahani ya biriani iliyojaa, pilipili nyingi, pombe, hasira na mashindano ya maneno mezani, vyote vinaweza kumwasha uso na kumkimbiza chooni. Chakula kidogo kidogo mara nyingi kinamfaa kuliko mlima mmoja wa wali usiku. Lakini pia msimgeuze mtoto kwa kumnyang'anya kila kitu mkononi. Kinachomsumbua huyu hakimsumbui yule, daftari litasema. Na mkimwona kawa mwekundu ghafla au, kwa ngozi zetu nyeusi ambazo wekundu hauonekani sana, anasema uso na kifua vinawaka moto, msimwambie "tulia, ni mawazo." Si mawazo.

Kuna hili la mitishamba na maji ya upako. Sitamtukana mtu imani yake, nami huomba. Ila naomba usiache hospitali ukaenda kujaribu kwanza. Steve Jobs, yule wa kompyuta, alikutwa na uvimbe wa aina hii kwenye kongosho mwaka 2003. Alikuwa na fedha za kununua hospitali nzima, lakini alikaa takribani miezi tisa akihangaika na vyakula na tiba mbadala kabla ya kukubali kupasuliwa mwaka 2004. Mwaka 2009 alibadilishiwa ini, Oktoba 2011 akafariki. Hakuna awezaye kuapa kwamba miezi ile ndiyo iliyomuua, na inasemekana mwenyewe alikuja kuijutia. Kama unakunywa mizizi, mwambie daktari. Atakugombeza kidogo, yatapita. Kuna mizizi inayoharisha, na utakuwa umeongeza kuhara juu ya kuhara halafu watu wanakutafutia sababu mwili mzima.

Najua pia wapo wasiokwenda kliniki kwa hofu tupu, wala si nauli. Wiki ya vipimo inafika, usingizi unakata, unagombana na mume, unawachapa watoto kwa kosa la kikombe. Siku ya majibu miguu inakataa. Hofu hiyo haikufanyi mwoga wala mtu asiye na imani. Mnaopenda filamu za Kihindi mnamkumbuka Irrfan Khan. Machi 2018 aliwatangazia watu kwamba ana uvimbe wa nyuroendokrini, akaenda London kutibiwa, akarudi kuigiza, na Aprili 2020 akafariki. Alisema wazi kwamba aliogopa. Mtu aliyezoea kamera na umati aliogopa, wewe ni nani usiogope? Ogopa, lakini nenda na mtu. Mchukue dada, kaka, rafiki wa kwaya, mtu wa kusikiliza wakati masikio yako yameziba, na aandike anachosema daktari. Omba majibu yatolewe siku ambayo huyo mtu ana nafasi.

Na mkisikia neno tiba shufaa msikimbie. Wengi mnadhani ukipelekwa huko ndiyo umeagwa. Sivyo. Hao ni watu wa kupunguza maumivu, kuhara, kukosa usingizi, na huzuni ile isiyotaka kutoka, na unaweza kuwa nao miaka huku unaendelea na sindano zako na kazi yako. Mambo ya chumbani nayo yasemeni huko huko. Mke anadhani hapendwi, mume anadhani hana nguvu tena, kumbe ni uchovu, ni aibu ya tumbo linalonguruma, ni hofu ya kukimbilia chooni katikati ya jambo. Ndoa ngapi zimepoa kwa kitu ambacho kingesemwa kwa dakika tano?

La mwisho ninalotaka ulishike ni hili la kadi. Maradhi haya si ya kawaida. Marekani, ambako wanahesabu kwa makini, mwaka 2012 walipata wagonjwa wapya takribani 7 kwa kila watu 100,000. Kwa hiyo usimlaumu daktari wa zahanati ya kijijini kwenu kama hajawahi kumwona mgonjwa wa namna yako. Msaidie. Andika kwenye kadi ngumu: jina la ugonjwa, ulianzia wapi, sindano gani, mara ya mwisho lini, simu ya kliniki yako. Iweke kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Ukitaka kupasuliwa chochote, hata ngiri, hata kwa uzazi, mwonyeshe kadi mtaalamu wa usingizi siku kadhaa kabla, siyo ukiwa umeshalazwa mezani. Homoni zinaweza kumwagika kwa ghafla wakati wa upasuaji, presha ikayumba vibaya, na wakijua mapema wanajiandaa na oktreotaidi. Kwa daktari wa meno vile vile, kwa sababu baadhi ya sindano za ganzi huchanganywa na adrenalini, na hiyo inaweza kuamsha dalili zako. Usione haya kusema kabla hujafungua kinywa.

Sasa wewe uliyekosa kliniki mbili, tatu, na unaona aibu kurudi kwa sababu muuguzi yule ni mkali. Nenda Jumatatu. Beba daftari, beba karatasi ya kinyama, beba picha zako za zamani za siti skani hata kama ziko kwenye bahasha iliyoliwa na mende, maana wanahitaji za zamani ili walinganishe na mpya. Kunywa chai kabisa kabla hujatoka, isipokuwa umeambiwa ufunge. Muuguzi akikufokea, mwambie, "Samahani dada, nilipotea, nimerudi," kisha mpe kadi yako na ukae kwenye foleni.